Pombe Iliyopita Motoni

Walisoma wasifu wa Tata Wamuyu, shangazi yangu, kutoka kwenye kijitabu cha kurasa zinazong'aa, chenye picha yake ya uzeeni amevaa kitambaa cha kichwa cha kikundi cha akina mama wa kanisa, nami nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki safu ya pili nikaanza kuchemka taratibu. Ati alikuwa mkulima wa kahawa na mfugaji. Sawa. Ati alilipenda kanisa. Sawa, ingawa kanisa halikumpenda nyakati zote. Ati baada ya kufiwa na mumewe akiwa bado na nguvu zake, "aliishi maisha ya utulivu na hakuposwa tena." Hapo nikamgeukia mjukuu wake aliyekaa kando yangu nikamwuliza nani aliandika hayo, akanijibu, kamati. Tulikuwa Mukurweini, katika shamba lake lile lile, hema zimesimamishwa pale migomba ilipokuwa, vijana wakirusha mazishi kwa simu ili walio ng'ambo waone, na kila aliyeshika kipaza sauti alimpaka yule mwanamke chokaa mpaka nikashindwa kumtambua. Nikamwita mwongoza shughuli, nikamwambia nataka kusema. Akatazama saa, akatazama mawingu, akaniambia, "Mama, nitakupatia dakika mbili, ukuje baada ya kwaya." Nikamwambia zinanitosha.

Hazikunitosha, bila shaka. Kwaya ilipokuwa ikiimba nilikuwa na mwaka mzima wa kukunja, na mwaka wenyewe ulikuwa haukunjiki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, nakaa kwa tata. Kwa nini kwa tata na si kwa wazazi wangu, hilo ni la siku nyingine na pengine la kitabu kingine. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, na sebule yenye vitambaa vya kufuma kwenye mgongo wa kila kiti, lakini maisha yote yalikuwa jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, kuta nyeusi kwa masizi, mafiga matatu katikati, mikungu ya ndizi imening'inia darini, na kwenye kona sufuria kubwa ya kikundi cha akina mama ambayo mtoto angeweza kuogea ndani. Tata ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi kwa hiyo sufuria ilikaa kwake, na kila harusi ya kanisa katika kilima chetu wali wake ulipikwa humo. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe na ndizi, ndizi na githeri, na jioni chai yenye maziwa mengi kwa sababu ng'ombe wetu alikuwa mkarimu kuliko watu wengi niliowajua. Nilikuwa na mpango mmoja tu duniani. Rafiki yangu wa shule alikuwa anafanya kazi Naro Moru, katika jiko la nyumba ya wageni wanaopanda mlima, na alikuwa ameniahidi kwamba nafasi ikitokea ataniita. Mimi nilikuwa nangoja kuitwa.

Baba mdogo Githinji hakuwa na habari na mpango wangu, na hata angekuwa nayo asingeijali. Alikuwa mdogo wake tata, mtu mrefu mwenye koti moja zuri, msemaji wa ukoo, na mpikaji wa muratina asiye na mpinzani, ile pombe yetu ya asali na miwa ambayo wazee hawawezi kuzungumza jambo la maana bila hiyo. Mambo yake yote aliyafanyia nje ya boma lake, kwa kuwa mkewe alikuwa ameokoka na hakutaka hata kibuyu kitupu kivuke lango. Yeye ndiye aliyeletewa maneno na yule wa Chaka. Sitamtaja jina, watoto wake wapo. Alikuwa na bucha kando ya barabara ya kwenda Nanyuki, amefiwa na mke, ana binti karibu wa rika langu, na alikuwa ameniona siku moja tulipoteremsha ndizi sokoni Chaka na tata. Aliniona mimi akamwuliza Githinji. Mimi hakuniuliza hata bei ya ndizi. Githinji akarudi anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu, akasema mzee yule ana mifugo, ana nyumba ya mawe, na hana maneno mengi. Nilisema simtaki. Akasema hakuna haraka, na nikajua kwamba haraka ipo.

Watu hupenda kusikia kwamba mwanamke alipika chang'aa, ile pombe kali ya mvuke iliyokatazwa na serikali, kwa sababu ya shida, watoto wanalia, karo haijalipwa, basi akafunga macho akaingia dhambini. Hadithi hiyo huwapa nafasi ya kukusamehe. Mimi sitaki kusamehewa. Sisi tulianza kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara, malori ya wanunuzi hayafiki, ndizi zinaoza darini na juisi yake inatudondokea kichwani tukila, na tulikuwa wanawake wawili tuliochoka kutazamana. Malipo ya kahawa yalikuwa hayaji, hilo ni kweli, na kuing'oa kahawa ilikuwa kosa la kukupeleka kwa chifu. Lakini siku tata aliposema, "Nyawira, hizi ndizi zikioza si zinakuwa pombe zenyewe bila kuuliza mtu?" uso wake haukuwa wa mtu mwenye shida. Ulikuwa wa msichana anayetafuta mwenzake wa kuruka ua. Nami nikaruka.

Hakuna kati yetu aliyejua kazi. Tata alijua kidogo jinsi pombe inavyochacha, maana alikuwa amekata miwa ya muratina maisha yake yote, ingawa mwanamke hakuruhusiwa kukaribia vibuyu vyenyewe. Mimi nilijua kutoka darasani kwamba mvuke ukipoa unakuwa maji. Tukaponda ndizi kwa mikono ndani ya pipa, tukatia unga wa wimbi uliochipuzwa, tukafunika na gunia, tukangoja mpaka likaacha kunung'unika. Kisha tukachukua sufuria ya kikundi, ndiyo, ile ile ya harusi, tukamimina uji wetu ndani, tukaning'iniza kisufuria kidogo katikati kwa waya, tukafunika juu na karai ya maji baridi ili mvuke ugonge chini ya karai, upoe, udondoke ndani ya kisufuria. Kuzunguka mdomo tukaziba kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoroke. Tulipika mchana kweupe. Ilikuwa msimu wa kahawa, kiwanda kule mtoni kinasaga, na harufu ya maganda yanayooza ilikuwa imefunika kilima chote hata ungechoma kiatu jikoni hakuna jirani ambaye angeinua pua. Tata aliona hilo kabla yangu. Alisema Mungu hakosi kutoa kifuniko.

Tukatia kuni kama watu wanaopikia harusi. Unga wa kuzibia ukaiva ukawa chapati, ukapasuka, mvuke ukatoka kwa filimbi, kuku wakaingia kula chapati, na tulipofunua tukakuta kisufuria kimejaa majivu na maji ya kahawia, na chini ya sufuria ya Bwana kumeungua ukoko mweusi mnene kama ganda la mti. Tuliisugua sufuria ile kwa majivu na mchanga mpaka kucha zikaisha. Mara ya pili mimi nikajifanya mtaalamu. Nilikata mpira wa pampu ya kunyunyizia kahawa dawa nikitaka kuutumia uwe bomba. Tata aliunusa mara moja, akanitazama, akaurusha shimoni. "Unataka tuue mtu?" aliniuliza, na hakutania. Mpaka leo, nikisikia vijana wetu wamepofushwa na pombe za kuchanganywa zenye dawa ambazo hata waliochanganya hawazijui, huwa naukumbuka mpira ule ukiruka. Simsifu mtu anayeuza sumu. Lakini nakataa pia kuwekwa kapu moja naye.

Mara ya tatu tuliogopa kuigusa sufuria ya kikundi, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani halingefanywa na mtu yeyote duniani isipokuwa mwanamke wa Mukurweini. Tulitumia mtungi wa maziwa, ule wa alumini tuliokuwa tukipelekea maziwa kila asubuhi. Ulikuwa na mdomo mpana, karai ilikaa juu yake vizuri, na moto wa chini tukaufanya mdogo, wa vijiti vya kahawa, moto wa mtu anayechemsha chai na hana haraka. Tata alikuwa akibadilisha maji ya karai kila yakipata vuguvugu. Mimi nilikuwa nimelaza sikio kwenye mtungi. Tone. Tone. Tulipofunua tulipata kikombe kimoja kisichojaa, cheupe kama maji ya mto wa Januari. Nikamimina kidogo kwenye sahani, nikawasha kiberiti, na moto wa buluu ukatembea juu ya sahani bila moshi. Sikuwahi kuona kitu nilichokitengeneza mwenyewe kikinijibu namna ile. Tata alionja kwa ncha ya kidole, akafumba jicho moja, akasema kwa heshima kubwa, "Hii ni kali." Tukacheka mpaka tukakaa chini kwenye sakafu ya udongo, mimi na mwenyekiti wa akina mama.

Mtungi tuliuosha kwa maji moto mara nyingi tusizoweza kuhesabu. Lakini kifuniko cha mtungi kina mpira wake wa ndani, na mpira hauna siri. Asubuhi tata alibeba maziwa mgongoni mpaka kituo cha kupokelea, nami nikimfuata. Karani wa maziwa alikuwa kijana mmoja anayeitwa Kariuki, na kazi ya karani ni kufungua kifuniko na kunusa kabla ya kupima. Alifungua. Akanusa. Akarudisha pua akanusa tena, kama mtu anayesoma barua ya mpenzi. Foleni yote ilikuwa nyuma yetu, mitungi mgongoni, macho wazi.

"Mama Mwenyekiti," akasema, "hii maziwa yako imelewa."

Hakukusudia ubaya, maskini, yalimtoka tu. Lakini maneno kama hayo hayahitaji pikipiki. Yalifika kilimani kabla yetu. Tata alifunga kifuniko, akabeba tena mtungi wake na maziwa yaliyokataliwa, akapanda kilima ameinua shingo kuliko alivyoshuka, na njiani hakusema lolote ila kwamba ndama atanywa vizuri leo. Nilimpenda sana saa ile. Nilijua pia kwamba tumekwisha.

Baba mdogo Githinji alifika kabla ya chakula cha mchana. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alikaa kwenye kigoda, akala ndizi zetu, akaeleza jambo lake kwa utulivu ule unaopendwa na kamati. Alisema msichana ameanza kuharibika, kwamba chifu akisikia atakuja na askari, na kwamba aibu ya msichana huponyeshwa na ndoa kabla haijapata jina. Yule wa Chaka ameshaleta asali. Miwa mizuri iko kwa tata kando ya mto, jiko la tata ndilo lenye joto la kuchachusha, na kwake haiwezekani kwa sababu ya yule mkewe aliyeokoka. Kwa hiyo pombe ya kuniposa itapikwa humu humu na wazee watakaa kwenye sebule hii hii. Basi nikatumwa kukata miwa ya kupikia pombe ya kunioza mimi. Niliikata. Nani angenisikiliza?

Lazima niseme desturi ilivyo, maana siku hizi watu huleta kreti za soda na hakuna anayekumbuka. Pombe ya posa hainywewi mpaka msichana aulizwe mbele ya wazee wa pande zote mbili kama inywewe. Akikubali, anaionja yeye kwanza, na aliyeonja ameposwa. Akikataa, wageni huinuka na kiu yao wakaenda. Hata aliyeipika haruhusiwi kulamba kidole mpaka msichana ameonja. Hivyo ndivyo desturi inavyosema, nayo husema vizuri. Kuna jingine pia: nyumba yenye pombe inayochacha haigombani. Neno kali likitamkwa karibu na vibuyu, pombe inaharibika. Siku zote zile muratina ikinung'unika kwenye joto la mafiga, tulipita jikoni kwa sauti za chini, tukipakua githeri kama watu waliofiwa, na tata hakumjibu mdogo wake chochote alichosema. Nilidhani amenitupa. Nilikuwa nalia shambani, katikati ya kahawa, nisije nikaiharibu pombe yao kwa machozi.

Siku ya kuchuja nilikuwa nje ya ukuta wa jiko nikichambua maharagwe, na udongo wa ukuta ule ulikuwa na nyufa. Githinji alikuwa akimimina pombe kupitia kitambaa, akiijaza kwenye vibuyu vinne vikubwa, akiimba kidogo kwa sababu ilikuwa imetoka vizuri. Tata akamwuliza, polepole, je, Nyawira akikataa mbele ya wazee?

"Kuuliza ni desturi tu," akasema. "Ataonja. Wewe si ulionja?"

Nilingoja tata ajibu. Nilisikia pombe ikimiminika, kisha nikasikia vizibo vya maganda ya mgomba vikigongwa midomoni mwa vibuyu, kimoja kimoja. Githinji akatoka, akajifuta mikono, akaniambia kwa upole kabisa nisuke nywele. Alikuwa anaenda kuwaalika wazee wa vilima vya mbali na angelala huko, arudi na wageni siku ya shughuli. Alipopotea kwenye kona ya njia, tata alitoka jikoni akasimama juani. Alikuwa na uso ambao sikuwa nimewahi kuuona kwake, wala sikuuona tena.

"Mimi nilishikwa kichwa," akaniambia. "Mama kichwa, shangazi mikono. Pembe ya kunywea pombe ikasukumwa mpaka meno yakatoka damu, na wazee wakasema ameonja. Githinji alikuwa mdogo, alikuwa mlangoni anatazama." Akakaza kanga yake kiunoni. "Pombe imeshachujwa. Sasa naweza kugomba. Lete karai."

Kesho yake tangu alfajiri mpaka jua likaegemea, kiwanda kikinuka upande wetu kwa uaminifu, tuliipika muratina ya Githinji. Sufuria ya kikundi ilirudi kazini. Tulikuwa tumejifunza: moto wa vijiti, unga mwingi wa kuzibia, maji ya karai yabadilishwe kabla hayajapata joto, na kikombe cha kwanza kinachotoka kwa haraka kinamwagwa nje kwa sababu pua yenyewe inakikataa. Hatukuzungumza sana. Asali ilipanda na mvuke, jiko lote likanukia kama mzinga uliofunguliwa, na mara moja tata akasema kwa huzuni ya kweli kwamba lazima tukubali, kijana yule anajua kupika. Kibuyu baada ya kibuyu kikaingia ndani ya sufuria, na masalio tukayamwaga kwenye mashina ya migomba. Mwisho wa siku vibuyu vinne vilikuwa vimelala chali, na mezani kulikuwa na chupa tatu za juisi, zimejaa kitu cheupe. Moto wa buluu ulisimama juu yake imara. Ilikuwa kazi yetu ya kwanza kutoka bila kasoro, na mpaka leo sijawahi kujivunia kitu kuliko hizo chupa.

Wazee wakaja. Wakajaza sebule, kofia magotini, mgongo wa kila mmoja ukiwa umeegemea kitambaa cha kufuma. Wa Chaka mwenyewe alikaa karibu na dirisha, safi, ameoga, na sina la kumlaumu siku ile ila kuwepo. Wakala nyama, wakanywa supu. Msemaji wao alikuwa mzee mpole mwenye meno machache ambaye alieleza kwamba wameona ndama mzuri katika boma hili na wamekuja kuuliza kama amefungwa. Githinji akajibu vizuri, akanogesha, kisha akaniita nilete pombe na pembe ya kunywea. Nikaingia na sinia. Juu yake pembe, sahani, kiberiti na chupa tatu.

Githinji alikuwa bado akitabasamu. Akaniuliza vibuyu viko wapi. Nikamwambia pombe yote ni hii. Nikamimina kwenye sahani, nikawasha, na wazee wote wakainama kutazama ule moto mdogo wa buluu ukitembea, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzee mmoja wa upande wetu akasema kwa sauti ya chini kwamba pombe iliyopita motoni haiwezi kumwagiwa wahenga, wala haibariki kitu. Lakini msemaji wa Chaka, na kwa hili namwombea mema huko aliko, akanitazama mimi, si Githinji, akauliza kama desturi inavyotaka: Nyawira, pombe hii tuinywe?

"Msiinywe," nikasema.

Hapo baba mdogo akainuka. Alimimina pembe ikajaa, mkono wake mwingine ukanishika nyuma ya shingo, na nikaiona pembe ikija. Hakuna aliyemzuia. Ninawajua kwa majina wote waliokuwa wamekaa na hakuna aliyemzuia. Kisha nikasikia kandambili za tata. Alikuwa ametoka jikoni na kanga yake kiunoni, mikono ina unga, akaichukua pembe mkononi mwa mdogo wake kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akainywa yote. Yote. Machozi yakamtoka, akakohoa, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Aliyeonja ni mimi," akasema. "Huyo wa Chaka na anioe mimi."

Msemaji mpole akajaribu kukohoa, kikohozi kikamgeuka kikawa kicheko, akajificha nyuma ya kofia yake, mabega yanatikisika. Wa Chaka alitazama viatu vyake. Tata alisimama pale pale na pembe yake, mwanamke wa makamo mwenye unga mikononi, akimtazama bwana harusi wake, akingoja jibu, na nakuapia alikuwa tayari kulipokea. Msemaji yule hatimaye akasimama, akamshika Githinji begani, akamwambia desturi ni desturi, mwanamke ameonja, na kama hawamtaki huyo basi hapa hakuna lingine la kusema. Wakaondoka. Githinji akatoka nyuma yao bila koti lake zuri, akalirudia siku nyingine alipojua hatupo.

Jumatatu nilikwenda Naro Moru bila kuitwa. Nilimwambia mpishi wa nyumba ya wageni kwamba najua moto, akanijaribu, akaniweka. Sikurudi kupika chang'aa tena, na si kwa kutubu. Nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitafuta ndani yake. Baadaye sana nilipendana na mpagazi mmoja wa mlimani, mtu wa mizigo mizito na maneno mepesi, na siku ya posa yetu nilionja mwenyewe na nikameza. Aliyelipa ni tata. Kikundi cha akina mama kilimvua uenyekiti, kikamtenga na meza ya Bwana, na walipokuja kuichukua sufuria yao aliwaambia waisugue wao wenyewe kama wanaona doa. Alikaa nje ya kanisa kwa miaka, akisikiliza nyimbo kupitia madirisha, mpaka wale waliomtoa wakafa au wakasahau. Na mdogo wake, baada ya kulichukua koti lake, hakukanyaga tena boma la dada yake mpaka uzee ulipomlegeza. Hayo ndiyo maisha yake ya utulivu.

Kwaya ikakaa. Nikapewa kipaza sauti. Nilianza na salamu kama mtu mzima, kisha nikaeleza, harakaharaka, ndizi, mtungi wa maziwa, vibuyu vinne, na niliona mwongoza shughuli akinionyesha saa yake nikamgeuzia mgongo. Wanawake wa kikundi, vitambaa vyao vimenyooka, walikuwa wametazama chini. Nikainua kile kijitabu.

"Hapa mmeandika kwamba hakuposwa tena," nikasema. "Futeni. Alijiposa mwenyewe, katika sebule ile pale, kwa pombe aliyoipika kwa mikono yake, akaionja bila kushikwa kichwa. Bwana harusi ndiye aliyekimbia."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa vijana waliokuwa na simu, kikaja mbele taratibu, na bibi mmoja wa kikundi akaanza kigelegele kabla hajakumbuka tuko wapi. Safu ya kwanza alikuwa Githinji, wa mwisho aliyebaki kati ya wale wazee wa sebuleni, kofia ya sufu mpaka nyusi, fimbo katikati ya magoti. Masikio yake yamekufa nusu, lakini alikuwa amesikia ya kumtosha. Akaniinulia uso na kusema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, mbele ya jeneza la dada yake na mbele ya watu wote.

"Pombe ile niliipika mimi, Nyawira. Na mpaka leo sijaionja."

"Hukuulizwa, baba," nikamwambia, na kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi.